Madalali wa semi Mtwara, mnatuuzia gari au mnatuuzia msimu?

Wakuu, salaam. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira, anayetaka maneno laini apite tu.

Kila mwaka minada ya korosho ikikaribia kufunguliwa Oktoba, mchezo ni ule ule. Vichwa vya semi, yaani malori yanayovuta tela, vilivyolala tangu masika vinaoshwa, vinapigwa rangi, matairi yanapakwa dawa ya kung'arisha, halafu bei inapaa. Ukiuliza mbona ghali, dalali hakutajii hali ya injini. Anakuambia, "Tajiri, msimu huu mmoja tu gari inarudisha hela yake." Yaani unalipia korosho ambazo bado ziko juu ya miti, za wakulima usiowajua, na gari yenyewe unapewa kama nyongeza.

Mimi ni dereva. Nimeendesha semi za watu kwa miaka, Tunduma naijua, Songea naijua, vumbi na tope la Tunduru nimelila kabla lami haijafika. Safari hii nikasema ninunue yangu, niendeshe mwenyewe, mileji, ile posho ya safari ya dereva, ibaki nyumbani. Nikauza kiwanja Mikindani, nikachukua mkopo wa SACCOS juu yake, nikanunua Scania ya mtumba, kichwa na tela, milioni 78. Na niseme mapema kabla mashabiki wa DAF hawajaja kunizomea: ugomvi wangu si na Scania. Gari ile ikitunzwa inafika mbali. Ugomvi wangu ni na mtu aliyeniuzia na dalali wake.

Naanza na kazi, maana kwangu ndiyo iliyouma kuliko yote.

Kichwa ni cha ekseli mbili, yaani mihimili miwili ya matairi, tela lina ekseli tatu za tairi pacha. Hesabu ya mizani naijua, hakuna wa kunifundisha. Kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo Tanzania tulianza kuitumia Machi 2019, ekseli ya mbele ni tani 8, ekseli moja ya nyuma yenye tairi pacha ni tani 10, tatu za tela ni tani 24. Jumla 42. Toa uzito wa gari lenyewe, unabaki na mzigo wa tani 26 hivi, 27 ukibahatika. Kichwa cha ekseli tatu kinapewa 18 nyuma badala ya 10, jumla inakuwa 50, kwa hiyo mwenzako anabeba tani tano sita zaidi yako. Na makaa ya mawe, kazi niliyokuwa naitaka, yanalipwa kwa tani. Kwa safari ya zaidi ya kilomita 600 kutoka Mbinga mpaka bandari ya Mtwara, tani hizo ndizo faida. Nyingine yote inaliwa na dizeli, tairi na posho za njiani.

Kwa hiyo nilimuuliza dalali mbele ya mwenye gari: kichwa hiki kitapokelewa kwenye makaa? Akatoa barua. Ina mhuri, ina saini, inasema msafirishaji fulani anapokea vichwa vya ekseli mbili na kuna nafasi ya gari moja. "Kaka, gari na kazi yake, unaondoka navyo vyote." Ile barua ndiyo iliyouza gari. Bila barua nisingetoa milioni 78, ningetoa 65 na bado ningenung'unika.

Nimefika Mbinga, yule msafirishaji hanijui. Wala barua haijui. Karani akaishika, akaigeuza, akacheka, akaniuliza kama na mimi nimetokea Mtwara. Na mimi! Kumbe nina wenzangu! Aliniambia kwa upole kabisa kwamba wao wanachukua ekseli tatu tu na foleni ya magari yao inatosha.

Nikampigia dalali. Akasema, "Basi subiri korosho, tajiri, utapeleka Dar mpaka uchoke." Huyu mtu anadhani sisi tunaishi mwezini. Tangu msimu wa 2023/24 serikali imeelekeza korosho za kusini zipite bandari ya Mtwara. Safari ndefu ya Dar, ile ya kupita Nangurukuru na Daraja la Mkapa ukirudi na mzigo wa madukani, imekatwa. Sasa unatoa maghala ya Masasi, Newala au Nachingwea unashusha Mtwara, unapanga foleni, unarudi mtupu. Nauli yake ni ya umbali huo huo mfupi. Si kazi mbaya kwa mwenye gari isiyo na deni. Kwa mwenye rejesho la SACCOS kila mwezi ni kizunguzungu. Na dalali anayekaa Mtwara anaona meli zinapakia, asiniambie hajui.

Haya, injini. Hapa sitachukua muda.

Nilipokwenda kuikagua niliikuta imeshawashwa, ya moto. Injini ikiwa ya moto ugonjwa unajificha, nikasema nitarudi kesho asubuhi niiwashe mwenyewe ikiwa baridi. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu nimefika, ya moto tena, eti mlinzi alikuwa anajaza upepo. Nikafungua mfuniko wa oili ikiwa inanguruma, moshi haukuwa mwingi. Fundi niliyekwenda naye akasema iko safi. Baada ya wiki chache injini ikaanza kupumua vibaya, oili inarushwa kwenye bomba, nguvu hakuna, mlima mdogo tu unashusha gia mpaka unaona aibu kwa bodaboda. Imekata kabisa karibu na Mangaka. Tumemwaga oili: nzito kama uji wa muhogo, na imechanganywa na dawa ile ya kuziba moshi. Slivu zimekwisha, ringi zimeshikana. Gari ilikuwa imepakwa vipodozi kwa ajili yangu.

Na yule fundi? Kijana wake wa gereji ndiye aliyenitonya baada ya wao kugombana kuhusu malipo: fundi alikula kwa dalali. Alipewa chake kabla hata hatujafika kwenye gari. Kwa hiyo wale mtakaokuja hapa na "ungeenda na fundi", nilikwenda naye, nikamlipa, na dalali naye akamlipa.

Sasa tela, na hapa naomba msome taratibu hata kama hamna mpango wa kununua gari.

Tela lina kadi yake na namba yake, tofauti na kichwa. Kila dereva anajua hilo. Kadi ya kichwa nilipewa halisi, jina la muuzaji, uhamisho ukafanyika TRA bila shida. Kadi ya tela nilipewa kopi, na maneno: halisi iko kwa mhasibu Dar, italetwa na basi. Mkataba wa mauzo uliandikwa kwa wakili, vyote viwili vimetajwa, kichwa na tela, na muuzaji ametia saini kwamba ni mali yake isiyo na deni. Basi zikaja, basi zikaenda, kadi haikushuka.

Walioshuka ni watu wa benki. Wamenikuta nimeegesha Mnazi Mmoja ya Lindi, pale njia panda, wana karatasi za mkopo, namba ya chesesi ya tela ni ile ile, jina la mkopaji si la muuzaji wangu. Ni kampuni nyingine kabisa. Tela limewekwa rehani na halijalipwa. Nimebaki na kichwa kisicho na injini na hakina cha kuvuta.

Muuzaji anasema yeye naye aliuziwa hivyo hivyo, kwa hiyo tuhurumiane. Dalali anasema kazi yake ilikuwa kukutanisha watu. Mimi nataka kumuuliza: ulipochukua asilimia yako kwangu na asilimia yako kwake, ulikuwa unakutanisha watu? Ulipotoa barua ya mhuri, ulikuwa unakutanisha watu? Harusi yenyewe mshenga akidanganya anaitwa kikaoni!

Wote wawili wanaimba "mtumba huuzwa ulivyo". Ulivyo ni rangi kuchubuka. Ulivyo ni kiti kuchanika. Kuuza kitu kisicho chako hakumo kwenye ulivyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka anayeuza awe na haki ya kukiuza anachouza, na hilo wakili wangu amelisema hata kabla hajanitajia bei yake, jambo ambalo kwa mawakili si la kawaida.

Ninachotaka ni hiki. Hela ya tela irudi yote. Gharama ya kufungua injini tugawane, na hapo nimekuwa mpole. Na yule karani wa Mbinga alisema nimetokea Mtwara "na mimi", maana yake kuna wengine wamekwenda na barua kama yangu. Njooni PM na picha ya barua zenu, tulinganishe mhuri. Polisi nimeshafungua jalada, lakini barua moja ni malalamiko ya mtu mmoja, barua nne ni kitu kingine.

Majina sitataja hapa, msiniombe.

NYONGEZA, saa mbili usiku: Dalali amepiga. Ameusoma uzi, au amesomewa. Anasema nifute kwanza ndipo tukae tuongee kama ndugu, na kwamba muuzaji yuko tayari kunipa milioni nne "za kunituliza". Nimemwambia uzi unabaki. Wakitaka kukaa, waje ofisini kwa wakili Jumatatu, mwenye gari aje na kadi halisi ya tela au hela yake, na yeye aje na aliyemgongea ule mhuri.

Wawili wameshaniandikia PM. Mmoja yuko Tunduru, barua yake ina mhuri ule ule, tarehe tu imebadilishwa.