Mkuu wa Usalama kugeuka balozi: Mahiga ni mfano au bahati tu?

Mzee wa Igogo: Mwangaluka wakuu. Jana kijiweni Makoroboi, hapa Mwanza, tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Je, ni sawa aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Usalama wa Taifa kupewa ubalozi? Mimi nasema sawa kabisa, na shahidi wangu ni marehemu Balozi Augustine Mahiga. Aliongoza Idara 1980 hadi 1983, akaingia UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, akatuwakilisha Umoja wa Mataifa kuanzia 2003, akaenda Somalia kama mjumbe wa UN, akarudi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Leteni hoja, matusi bakini nayo.

Pasiansi Juu: Mzee shikamoo. Hoja ndiyo hii: mtaji wa balozi ni kuaminiwa. Ukimkaribisha chai jasusi mstaafu lazima ukague na kijiko. Halafu siku hizi imekuwa kama kiinua mgongo. Kipilimba, naye aliyekuwa mkuu, katoka Idara, akapelekwa Namibia kuwa balozi. Ukitolewa kule unapewa bendera ya kwenye gari ili utulie.

Kamanga Feri: Unachanganya mafaili. Mahiga alitoka Idara 1983, New York kaenda 2003. Ni miaka 20 hiyo! Katikati alikuwa Liberia wakati wa vita, kisha Geneva akisimamia janga la wakimbizi wa Maziwa Makuu. Na kabla ya yote alikuwa na shahada ya uzamivu ya Toronto. Huyo si wa kutulizwa na bendera.

Dar Mpaka Basi: Mnamsifu tu, mmesahau ya kwenu. 1982 ndege ya ATC, shirika letu la ndege, ilitekwa ikitoka hapohapo Mwanza kuja Dar, Mahiga akiwa ndiye mkuu wa Idara. Vijana wenye bastola za mbao wakaizungusha mpaka Uingereza wakitaka Mwalimu ajiuzulu. Walinzi wa Mwanza walikuwa wapi, wananusa dagaa?

Mama Mwaloni: Wewe kijana, hao dagaa unaowacheka ndio waliokusomesha, kama ulisoma.

Kamanga Feri: Na si zote zilikuwa za mbao. Rubani msaidizi alijeruhiwa kwa risasi, sasa mbao gani inatoa risasi? Ndege ilipita Nairobi, Jeddah, Athens, ikaishia Stansted. Aliyesaidia kuwabembeleza wajisalimishe ni Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa uhamishoni, ambaye serikali yetu haikutaka hata kumsikia. Andika yote basi.

Dar Mpaka Basi: Umenisaidia. Yaani mkuu wa Idara yupo, na anayeimaliza kazi ni mkimbizi wa kisiasa. Na Januari 1983 tena likaibuka lile jaribio la mapinduzi.

Ngosha Nyakato: Lile la 1983 lilizimwa kabla halijalipuka. Unataka usalama ufanye nini zaidi ya hapo, wakupigie simu? Kwanza rudi kwenye dagaa. Umetutukana mji mzima.

Dar Mpaka Basi: Dagaa ni wa Kigoma, mkuu. Wenu ukitafuna unasikia ufukwe wote mdomoni.

Mama Mwaloni: Michanga ilikuwa zamani, walipoanikwa chini. Sasa tunaanika kwenye chanja. Njoo Kirumba alfajiri uone magari yanavyopakia, mengine yanavuka mpaka. Wa Kigoma unanunua kwa kuhesabu mmojammoja kama vidonge.

Mzee wa Igogo: Wanangu, mada.

Pasiansi Juu: Narudi kwenye mada. Idara haikuwa na sheria yake mpaka 1996. Miaka ile mitatu ya Mahiga iliendeshwa kwa maelekezo, na mafaili yake hakuna raia aliyeyafungua. Tunampima kwa nusu ya maisha tuliyoonyeshwa. Huyo balozi mzuri mnayemjua alikuwa nani 1981? Anayejua anijibu.

Ngosha Nyakato: Kwa vidonge hapo Mama Mwaloni umemaliza. 😂

Kamanga Feri: Mnacheka samaki, lakini kumbukeni 1994, mauaji ya kimbari ya Rwanda. Maiti zilishuka na mto Kagera mpaka ziwani. Kwetu nyumbani sato hakuliwa miezi kadhaa, marehemu mama alipika maharage mpaka tukamchukia. Ngara, wakimbizi robo milioni walivuka mpaka wa Rusumo ndani ya siku moja hivi. Mzigo ule ndio Mahiga aliukuta mezani Geneva. Mtu wa Dar hawezi kuelewa.

Mama Mwaloni: Usinikumbushe. Nilikuwa binti, tulirudi kutoka sokoni na samaki wote kichwani. Ukimwambia mteja hawa wametoka upande wa Ukerewe, anakutazama tu.

Dar Mpaka Basi: Hapo poleni, kwa kweli. Shemeji yangu wa Bukoba hadi leo hali sangara.

Ngosha Nyakato: Halafu Januari 2012 Mahiga aliihamisha ofisi ya UN ya Somalia kutoka Nairobi kuipeleka Mogadishu kwenyewe. Wenzake walikuwa wakiisimamia Somalia kutoka hotelini. Mtu asiyejua kusoma hatari asingethubutu. Ujasusi ulimfaa.

Pasiansi Juu: Au ni kazi ya wakimbizi ndiyo iliyomfaa, si alikaa Liberia? Swali langu la 1981 bado linasubiri.

Mzee wa Igogo: Pasiansi, ukinijibu wewe alichokula Mahiga asubuhi ile ya ndege, nami nitakujibu la 1981.

Dar Mpaka Basi: Mama, hao wa kwenye chanja kilo mbili naweza kutumiwa kwa basi? Najaribu tu, msimamo wa Kigoma haujabadilika.

Mama Mwaloni: Tuma hela kwanza. Na uombe radhi hapahapa, wakuu waone.