Kuvunja kipokezi cha estrojeni: kunazima ishara au kunaiwasha?

Mwanzisha mada: Tunaambiwa fulvestranti inaizidi tamoksifeni (zote ni dawa za saratani ya matiti) kwa sababu inavunja kipokezi alfa cha estrojeni, yaani protini ya seli inayoshika homoni hiyo na kuwasha jeni. Mbona basi estradioli, estrojeni yenyewe ya mwili, nayo inakivunja, na jeni zinawaka? Kwenye seli za MCF-7 (seli za saratani ya matiti za maabara) nusu-uhai wa kipokezi, yaani muda wa nusu yake kuvunjwa, ni kama saa 4 hadi 5. Ukiweka estradioli hushuka hadi 3 hivi. Tamoksifeni, ambayo ni kizuizi kwenye seli hizo, hukiacha kilundikane.

Jibu 1: Kwa sababu kuvunjwa ni sehemu ya kazi yake. Kikishashika homoni hubandikwa ubikwitini (protini ndogo, alama ya kuvunjwa), kisha proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini, hukikatakata. Tafiti za 2003 zilionyesha kwamba kwenye jeni ya TFF1, mojawapo ya zinazowashwa na estrojeni, vipokezi huja na kuondoka kwa mizunguko ya dakika 40 hadi 60. Cha zamani kisipong'oka, mzunguko unakwama.

Jibu 2: Taratibu. Ushahidi mwingi huo umetegemea kemikali ya MG132, na hilo ni panga, si wembe. Linafunga proteasomu nzima, ubikwitini huru inakwisha, histoni (protini zinazoviringiwa na DNA) zinapoteza ya kwao, unukuzi (kunakili jeni kuwa RNA) unayumba hata kwa jeni zisizohusika. Luciferase, kimeng'enya cha kutoa mwanga tunachokitumia kama kiashirio cha jeni kuwaka, nacho kinaathirika. Na 2004 ikaripotiwa kinyume: kwenye seli za HeLa (za saratani ya shingo ya kizazi) zilizowekewa kipokezi, kuzuia uvunjaji kulirefusha uwashaji.

Jibu 3: Kabla ya kubishana, pimeni vizuri. Ondoa fenoli nyekundu kwenye maji ya kukuzia seli (inaiga estrojeni), tumia seramu iliyochujwa kwa mkaa (kuondoa homoni) kwa siku 3, ndipo uweke estradioli nanomola 10. Kwa kasi ya kuvunjwa, zuia protini mpya kwa sikloheksimidi na uchukue sampuli kila saa. Watu wengi wanakosea kwenye kupasua seli: fulvestranti husukumia kipokezi kwenye sehemu ya kiini isiyoyeyuka, na sabuni laini haikitoi. Unadhani kimevunjwa, kumbe umekitupa na mashapo. Chemsha seli nzima kwenye SDS, sabuni kali.

Jibu 2: Na hata kikivunjwa kweli, si lazima hiyo ndiyo sababu ya kuzima. Kipokezi kikizidishwa hadi uvunjaji ushindwe kukimaliza, fulvestranti bado inazuia, maana inavuruga umbo la heliksi ya 12, sehemu ya kipokezi ambapo visaidizi (protini zinazokisaidia kuwasha jeni) hujishika.

Jibu 1: Kwa kipokezi cha kawaida, sawa. Lakini chenye badiliko la Y537S (asidi-amino moja, ya 537, imebadilika) huwaka bila homoni, na vizuizi hukishika kwa udhaifu zaidi. Hapo kukiondoa kuna faida yake.

Mwanzisha mada: Basi anayedai dawa yake inafanya kazi kwa kuvunja atuwekee na matokeo ya seli ambazo uvunjaji umezuiwa.