Wageni wa jahazi na mvua ya leo

Shangazi Zuhura, saa 1:05 asubuhi
Assalamu alaikum jamaa wote. Jahazi la Ami Omar lilitia nanga hapa Lamu jana baada ya Magharibi likitoka Malindi, na watu 16 waliomo wamelala humo humo kwa sababu mvua ilituwahi kabla hatujawashusha. Nimerudi kutoka gatini sasa hivi. Turubai limejaa maji katikati hadi limening'inia kama kiwele cha ng'ombe, magodoro matatu yameloa, na mtoto wa Mwanaisha nimemkuta amelala juu ya gunia la mchele, kwa kuwa hapo ndipo palipobaki pakavu. Naomba kila nyumba iniambie itapokea watu wangapi, kabla ya saa nne.

Shangazi Zuhura, saa 1:50
Watu 21 wamekwisha kuusoma ujumbe wangu na hakuna aliyejibu. Mimi nachukua sita. Bado kumi.

Shee, saa 2:10
Shangazi, kwangu kuna nafasi ya wawili, lakini Ami Omar asiwe mmoja wao. Akianza kukoroma, mtaa mzima utakimbilia gatini ukidhani meli imepiga honi.

Rukia, saa 2:12
Mara ya mwisho hata punda wa jirani alikataa kulala.

Shangazi Zuhura, saa 2:14
Shee, nimekuandikia wawili. Wengine je?

Ami Omar, saa 2:40
Nawashukuru, na kukoroma nimekusamehe. Naomba mnisikilize kwa jambo moja. Leo ni mwezi mwandamo 17 na bamvua, yaani siku za maji kujaa sana, linaisha. Chombo chetu kimekaa chini sana majini kwa uzito wa mzigo, kwa hiyo Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, tutaupita maji yakiwa yamejaa sawasawa tu, na kila siku tutakayokaa hapa yatajaa pungufu kuliko jana yake. Kesho yatajaa karibu na saa 12 alfajiri. Tusipotoka wakati huo, safari ya Faza na Kiwayu itatulazimu tuzunguke nje ya Manda kwenye mawimbi ya kusi, au tungoje bamvua la mwezi mchanga.

Athman, saa 3:05
Mimi nauliza kuhusu turubai. Hilo linalovuja ndilo nililoazimisha kwa safari ya Matondoni, likarudi na tundu ambalo mkono wangu unapita, na mpaka leo hakuna aliyeniambia hata pole. Leo watoto wanaloweshwa na tundu lile lile.

Mwanaisha, saa 3:09
Kaka Athman, tundu hilo lilitokana na foromali, ule mti wa kushikilia tanga, na aliyekuwa ameshika kamba unamjua.

Athman, saa 3:10
Namjua, na yumo humu anasoma.

Shangazi Zuhura, saa 3:15
Ya Matondoni tuliyamaliza barazani kwa Bibi. Nimebakiwa na watu wanane wasio na pa kulala.

Mwanaisha, saa 3:30
Shangazi, watoto wamechoka kukaa chini ya turubai. Je, tunaweza kuwapeleka kwenye magofu ya Takwa kule Manda mvua ikipungua?

Shangazi Zuhura, saa 3:41
Hapana, mwanangu. Kijito cha Takwa hupitika maji yakijaa, na ikifika saa tano yatakuwa yamekupwa. Mtakwama kwenye tope la mikoko mkiwa na watoto wadogo. Wapeleke Ngomeni, ni hatua chache tu kutoka gatini. Ile ngome ilimalizika mwaka 1821, kuta zake ni nene, na chini ya paa lake watakauka huku wakiona vyumba vilivyokuwa gereza hadi 1984. Kisha waje kwangu wale mbaazi na mahamri. Unga umekwisha kuumuka. Waambie wavue viatu njiani, maana mfereji wa kichochoro chetu umefurika na maji yanapita juu ya kizingiti.

Rukia, saa 4:20
Babu amenisomesha ujumbe wote tangu mwanzo, kisha akaniamuru niandike maneno yake kama alivyoyatamka:
"Omar, nimezika ndugu wawili ambao bahari haikunirudishia miili yao, nikazika nguo zao. Chombo hakitapita nje. Maji ya Mkanda yakitosha kesho, nenda. Yasipotosha, utakaa hapa hata wiki mbili na nitakulisha. Watoto hawalali chomboni usiku wa leo. Athman, turubai jipya nitanunua mimi."

Ami Omar, saa 4:58
Nimesikia, Baba.

Athman, saa 5:15
Babu, nisamehe. Usinunue. Nitalishona mwenyewe baada ya Adhuhuri, nikipata sindano ya matanga.

Shangazi Zuhura, saa 5:20
Mwenye sindano ya matanga ajitokeze. Na bado nina watu wanane. Pia hatujakubaliana ni watoto gani watakaobaki hapa na kurudi Mombasa kwa basi kupitia Mokowe, kwa sababu jahazi litakaporudi kusini litakwenda bisho, kinyume cha upepo, njia nzima, na hilo si jambo la kumtesea mtoto wa miaka minne.

Mwanaisha, saa 5:34
Wangu hatashuka bila mimi. Tutazungumza nikifika kwako.

Shangazi Zuhura, saa 8:10 mchana
Wanane.

Mjomba Twalib, saa 10:45 jioni
Nilikuwa kijijini Hindi, huko bara, kwa shughuli ya shamba na simu haikushika, nimeona haya yote sasa hivi. Mimi nina vyumba viwili na magodoro manne, ila moja liko kwa Athman tangu harusi. Nani anakuja kuwabebea wageni mizigo?