Folda imefutwa kwenye kompyuta moja ikatoweka kwenye zote: niandike nini katika taarifa?

Mwanzisha uzi
Habari zenu wakuu. Miezi miwili iliyopita mwenzetu kazini, alipokuwa akipunguza mafaili yaliyojaza kompyuta yake, alifuta folda ya kumbukumbu za mradi akidhani ni nakala yake binafsi. Folda hiyo ilikuwa imeunganishwa na hifadhi ya wingu tunayoitumia sote, kwa hiyo ilitoweka kila mahali, na tulipogundua wiki iliyopita, muda wa kuirudisha kutoka kwenye pipa la taka ulikuwa umekwisha. Uongozi unataka kumpa onyo la maandishi na kuwanyima wafanyakazi wote ruhusa ya kufuta. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika taarifa ya tukio, na naona hatua hizo hazigusi chanzo. Naombeni ushauri.

Msimamizi wa seva
Pole sana, mkuu. Chanzo ni kwamba hamkuwa na nakala rudufu. Kazi ya ulandanishaji ni kuhakikisha kompyuta zote zina kitu kilekile, hivyo hata ufutaji huenezwa kwa uaminifu uleule. Soma yaliyoipata GitLab, kampuni inayowatunzia watu misimbo ya programu mtandaoni, tarehe 31 Januari 2017: mhandisi alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba, na alipositisha amri, kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki GB 4.5 tu. Walipokimbilia nakala za kila siku walikuta hazikuwa zikitengenezwa, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisiloendana na hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla, tena kwa shughuli nyingine kabisa. Ukimwadhibu huyo mwenzenu, anayefuata atanyamaza, nanyi mtagundua mkiwa mmechelewa zaidi.

Mtunza kumbukumbu
Nakubaliana na hilo la onyo, ila uongozi msiupuuze moja kwa moja. Folda ya mradi uliokwisha haina sababu ya kubaki wazi kwa kila mtu. Ifanyeni ya kusomwa tu. Kisha wekeni nakala nyingine kwenye diski ya nje inayochomolewa kila baada ya kunakili, na katika taarifa mtaje kwa cheo nani atajaribu kurejesha faili mojawapo kila mwezi na kulifungua alisome. Afadhali awe mtu ambaye hakuuandaa mfumo huo, maana aliyeuandaa huziba mapengo ya maelekezo kwa kumbukumbu yake mwenyewe.

Fundi
Kabla ya taarifa, ulizeni kama kuna kompyuta ya ofisi ambayo haijawashwa tangu kabla ya ufutaji. Ikiwapo, zimeni ruta kwanza ndipo muiwashe, mnakili folda kwenye diski ya nje, kwani ikigusa intaneti tu itapokea agizo la kufuta. Kwenye kompyuta ya huyo aliyefuta, kama diski ni ya SSD (aina isiyo na sahani inayozunguka), sitegemei mengi: amri ya TRIM huiarifu diski kwamba nafasi ya faili lililofutwa haihitajiki tena, na kilichokuwamo husafishwa.

Mwanzisha uzi
Ahsanteni. Ipo kompyuta mpakato ya mwenzetu aliye likizo ya uzazi, na nimeshaomba isiwashwe na mtu yeyote mpaka kesho nitakapofika na diski.