Klorini inasomeka ndani ya maji ya Ziwa Kivu, lakini vijidudu bado vimo

Mwanafunzi wa Himbi, Goma
Wakubwa zangu, nawasalimu. Kazi yangu ya mwisho wa masomo inahusu klorini inayotiwa kwenye bidoni ufukweni, kwa kuwa mji wetu umekaa juu ya mawe ya lava yasiyoshika maji na familia nyingi huchota moja kwa moja ziwani. Ninafuata kipimo cha wanaotia klorini kwa sindano: mililita 5 za mchanganyiko wa asilimia 1 kwa bidoni ya lita 20, yaani miligramu 2.5 kwa lita. Baada ya dakika 30, tembe za DPD (zinazogeuza maji kuwa ya waridi palipo na klorini) zinaonyesha klorini huru, yaani ambayo haijatumika, iliyozidi miligramu 0.5 kwa lita, kama Shirika la Afya Duniani linavyotaka. Hata hivyo baadhi ya sahani za kuoteshea vijidudu, hasa za maji yaliyochotwa baada ya mvua, bado zinaota E. coli, kijidudu cha kinyesi, ilhali maji ya mvua ya kwenye tangi yanasafika mapema kwa kipimo kilekile. Nilifikiri kukamulia ndimu ili kushusha pH (kipimo cha asidi ya maji, kinachoshuka asidi ikizidi), ambayo ziwani nimeikuta ikizidi 9. Je, ni njia sahihi?

Mwalimu wa Kemia, Bukavu
Ndugu mwanafunzi, kiwango ulichokitaja kina sharti ambalo wengi hulisahau: dakika 30 zile ni kwa maji yenye pH iliyo chini ya 8. Klorini ikiingia majini hugawanyika kuwa asidi ya hipoklorasi, ambayo ndiyo muuaji hodari, na ayoni za hipokloriti, ambazo ni dhaifu mno. Kwenye pH 7.5 sehemu hizo mbili zinakaribia kulingana. Kwenye pH 9 asidi haifiki hata asilimia 5. Tembe za DPD hazitofautishi sehemu hizo, kwa hiyo rangi ya waridi uliyoiona ni ya kweli, lakini haikuambii ni klorini ya aina gani.

Ndimu iache. Maji ya Kivu yana bikaboneti nyingi zinazoizuia pH isishuke kwa urahisi, na maji ya ndimu yenyewe huongeza vitu vinavyokula klorini. Zaidi ya hayo, nakuomba sana usichanganye asidi yoyote na klorini kali, kwa sababu gesi inayotoka huunguza mapafu. Kinachobadilishwa ni muda: pima kwenye dakika 5, 15, 30, 60 na 120, uchore mchoro wa vijidudu vilivyobaki.

Fundi wa maji, Lubumbashi
Namuunga mkono Mwalimu, ila pH peke yake haitoshi kueleza sahani za baada ya mvua, maana E. coli ni kijidudu kinachokufa upesi na dakika 30 zingekitosha hata kwenye pH ya 9 kama maji ni maangavu. Ninashuku tope. Vijidudu hujificha ndani ya chembe, klorini ikabaki nje ikielea na kusomeka vizuri. Pima NTU, yaani kipimo cha uchafu wa tope, ya kila bidoni. Ikizidi 5, acha maji yatulie au uyachuje kwanza, kisha ulinganishe na yale yasiyochujwa.

Tena, ulitumia bidoni za aina gani? Bidoni ya nyumbani ina utelezi ndani, nao hula klorini na kuhifadhi vijidudu. Chukua bidoni mpya na bidoni zilizotumika, kila aina angalau tatu, pamoja na bidoni moja isiyotiwa klorini kabisa. Na chupa za sampuli, je, zilikuwa na tiosalfati ya sodiamu, ile inayozima klorini?

Mwanafunzi wa Himbi, Goma
Asanteni sana, Mwalimu na Fundi. Bidoni zote zilitoka nyumbani, na chupa hazikuwa na tiosalfati.

Fundi wa maji, Lubumbashi
Basi klorini iliendelea kuua njiani mpaka maabara, na hesabu yako ni ndogo kuliko vijidudu vilivyokuwemo dakika ya 30. Tatizo ni kubwa kuliko ulivyoliona, hivyo rudia vipimo vyote. Tiosalfati itiwe chupani kabla ya sampuli, na pH, NTU na saa ya kuchota viandikwe palepale ufukweni.