Tupeane uzoefu: homoni ya TSH iko juu, kumbe tezi ya shingo imelala. Mlianzaje dawa?

Wadau, salaam. Niko Sakina, Arusha. Julai nilikuwa navaa masweta mawili ndani ya nyumba nikajiambia ndiyo Arusha yetu, nani hasikii baridi Julai? Januari ikafika, watu wanatafuta kivuli, mimi bado nalala na soksi. Choo kigumu, nywele zinabaki kwenye kitana, uzito unapanda na chakula ni kilekile. Sauti nayo ikawa nzito hadi watu wakipiga simu wananiita kaka.

Nikapimwa damu, majibu yakaja: TSH 38, na karatasi inaonyesha kawaida ni 0.4 hadi 4. T4 huru, homoni inayotengenezwa na tezi yenyewe, 6, wakati mwisho wa chini ni 12. Nilivyoona hiyo 38 nikajua tezi inafanya kazi kupita kiasi! Daktari akanieleza kwamba TSH haitoki kwenye tezi ya shingo, inatoka kwenye kitezi kidogo chini ya ubongo. Ni msimamizi anayemgongea mlango kibarua aliyelala. Kibarua asipoamka, anagonga kwa nguvu zaidi. Ile 38 ni kelele za mlango. Kazi yenyewe ndiyo hiyo T4, na imepungua.

Nimeanzishwa levothairoksini, kidonge cha kufidia homoni hiyo, mikrogramu 50. Leo siku ya tisa, sioni kitu. Nyie mliona mabadiliko lini?

MZEE WA KIBOSHO
Mwanangu, siku tisa bado mapema. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu na hujijenga polepole. Mimi choo ndicho kilianza kukaa sawa, wiki ya tatu hivi. Uchovu uliondoka baadaye sana. Kupima tena ni baada ya wiki sita hadi nane, ukikimbilia maabara kabla ya hapo utapoteza hela tu. Mimi nilianzishwa 25 kwa sababu ya umri na moyo, wakapandisha kidogo kidogo. Usiongeze mwenyewe. Mie nilijaribu kumeza viwili, moyo ukadunda usiku kucha kama ngoma ya harusi.

MAMA WAWILI, MOSHI
Pole mdogo wangu. Yangu ilikuwa 19, nikameza dawa miezi sita na namba haikushuka. Nikaonekana mwongo, eti simezi. Siku moja nesi akaniuliza, "Mama, unamezea nini?" Chai ya maziwa! Tena pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Kumbe maziwa na madini ya chuma huzuia dawa isifyonzwe vizuri. Sasa kidonge na glasi ya maji viko kando ya kitanda, nameza saa kumi na moja alfajiri, chai saa kumi na mbili. Vya damu nasogeza hadi mchana, vipishane kwa muda wa saa nne. Kipimo kilichofuata, 3.1. Kahawa nayo isubiri, hata kama ni ya shambani kwako.

BINTI WA NJIRO
Nyongeza kwa akina dada: nilipopata ujauzito nilitaka kuacha, nikidhani kidonge kitamdhuru mtoto. Ni kinyume kabisa. Miezi ya mwanzo mtoto anategemea homoni ya mama, na mimi dozi iliongezwa. Ukikosa siku zako tu, nenda wakupime.

FUNDI MERU
Mimi TSH 6.2, T4 ya kawaida. Sikupewa dawa, niliambiwa nirudi baada ya miezi mitatu. Nikarudi, 3.8. Kwa hiyo si kila aliyezidi kidogo anaanza kidonge.

MLETA MADA
Asanteni sana, wazee kwa vijana. Mama Wawili, umenishtua. Hivi ninavyoandika nina kikombe cha chai ya maziwa mkononi, na kidonge nimekimezea hichohicho, siku zote tisa.