Hela ya ulinzi shirikishi tunatoa kila mwezi, walinzi wenyewe hatuwaoni. Naanzia wapi?

Mkazi wa Bondeni:
Wakuu heshima kwenu. Niko Dar huku pembeni, mbele ya Gongo la Mboto, mtaa siutaji maana mwenyekiti nae ana simu janja. Kila mwezi anapita kijana na daftari limejikunja pembe, anagonga geti "ulinzi shirikishi", unatoa elfu mbili, anaandika jina lako basi, risiti hakuna. Mimi sijawahi kukosa maana ukikosa unatajwa kwenye grupu la mtaa kama vile umeiba wewe. Sasa wiki juzi saa nane usiku jirani yangu kavunjiwa, wamebeba tivii, mtungi wa gesi, hadi ndoo ya unga. Tunampigia kamanda wa ulinzi hapatikani, tumetoka wenyewe na mapanga na tochi za simu, mlinzi hata mmoja hatukumuona, filimbi hatukusikia. Kesho yake nikauliza kwenye grupu "jamani walinzi wako wangapi na wanapita njia zipi", dakika tano hazijaisha nimeondolewa!

Alaf kuna mtaro wa njia ya kwenda shule ya msingi, ulichimbwa ukaachwa wazi, mvua ikinyesha unajaa na watoto wanavukia ubao mmoja. Kila mkutano linasemwa, kila mkutano "tumelipokea". Mkutano wa mwisho tulitangaziwa na bodaboda mwenye spika jumapili asubuhi watu wako kanisani, tukafika kama ishirini hivi, nusu ni wamama waliodhani wanaitiwa ile mikopo ya halmashauri, ya asilimia kumi ya mapato. Mapato na matumizi hayakusomwa.

Sasa hii elfu mbili ni lazima? Na nikitaka hesabu isomwe naanzia kwa nani? Maana huku ukiuliza kitu wanakuuliza kwanza wewe chama gani.

Kichwa Ngumu:
Elfu mbili unalalamika? Sisi tunatoa elfu tano na aliyeiba betri ya bajaji ya shemeji alikuwa mlinzi mwenyewe. Naweka kiti hapa nasubiri wajuzi.

Mzee wa Muhtasari:
Mkuu, mimi nilikuwa kwenye kamati ya mtaa kuanzia 2019, uchaguzi wa Novemba 2024 sikugombea tena, presha. Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba mwenyekiti mnamchagua nyie, mshahara hana, ni posho tu. Mwenye ajira ni mtendaji wa mtaa, huyo ni mtumishi wa halmashauri na ndo anaandika muhtasari wa vikao. Kwaio unagombana na mwenyekiti kwenye grupu wakati makaratasi yako meza ya pili. Mwenyekiti ukimuuliza anakasirika, ila mtendaji akiandikiwa barua anafikiria kazi yake.

Usiulize kama ni lazima, utabishana mpaka kesho. Uliza ni mkutano gani wa wakazi ulipitisha hiyo elfu mbili na muhtasari wake uko wapi. Wakianza kutazamana hapo hapo umeshapata jibu. Na mkutano wa mtaa ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 kwenda juu, uwe mpangaji uwe mwenye nyumba, sio wa chama. Andikeni barua fupi, watu kumi wasaini, nakala kwa mtendaji wa kata na polisi kata, ajenda mbili tu, hesabu ya ulinzi na mtaro. Ubaki na kopi iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, bila huo mhuri ni kama hukwenda.

Mtaro sasa. Mwenyekiti hana hela ya mtaro hata umning'inize miguu juu. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na njia yake inapita kamati ya maendeleo ya kata, anakokalia kiti diwani. Mwaka wa fedha unaanza Julai, ukija kulia Mei masika imeshakupiga unasubiri bajeti nyingine. Sisi tulipoteza miaka miwili kwa sababu muhtasari uliandikwa "wananchi walilalamikia barabara". Barabara ipi?? Tulipokuja kuandika jina la njia, urefu tuliopima kwa hatua na nyumba ngapi zinaingia maji, ndo tukamuona injinia na mkanda wake.

Dogo wa Ukonga:
Mzee unaongea kama uko semina. Barua yenye majina kumi maana yake ni orodha ya watu kumi watakaonyimwa mhuri siku wakitaka barua ya utambulisho.

Mzee wa Muhtasari:
Ndo maana nikasema kumi. Ukienda peke yako wewe ni mchochezi, mkiwa kumi nyie ni wakazi.

Mama Pacha:
Jamani ulinzi mnaongelea mapanga tu. Mimi binti yangu yuko kidato cha pili, anatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kuwahi gari, anapita kando ya kiwanja kisichojengwa, majani yamefika kiunoni na giza totoro. Tulishasema kwenye mkutano tukaambiwa taa za barabarani ziko kwenye mpango. Tukakaa wamama nane tukapita nyumba kwa nyumba, kila mtu aweke balbu moja nje upande wa njia, ile ya wati 9, inawashwa magharibi inazimwa kukicha. Kwa mwezi inakula uniti tatu na kidogo za LUKU, nimepiga hesabu mwenyewe na mume wangu kabisha mpaka kachoka. Baba mmoja kagoma, eti hawezi kuwamulikia watu bure, na mpaka leo mbele ya geti lake ndo tunapita mbio. Majani nayo mtendaji alimwandikia mwenye kiwanja, akaja kufyeka ananung'unika.

Ngosha:
Mimi nimetoka Kahama, kwetu sungusungu ilianza miaka ya 1980 kwa ajili ya wizi wa ng'ombe na wazee wetu hawakuwa na mchezo. Ila kule kila mtu anajulikana ni mtoto wa nani. Huku mjini unampa kijana fimbo na filimbi, hana kitambulisho, hajui jirani yake wa tatu. Kwetu hapa walimkamata mtu saa saba usiku anatoka shifti kiwandani, wakamtoa meno mawili, kumbe mpangaji tu, mwenye nyumba wake hakuwahi kumpeleka akaandikwe kwenye daftari la wakazi. Kwaio mkuu ukidai walinzi waonekane dai pia majina yao yafike polisi, na wakimkamata mtu wampeleke kituoni, wasimalizane nae vichochoroni.

Soja wa Kayole:
Nawasalimu kutoka Nairobi. Hii Nyumba Kumi, ya majirani kujuana na kulindana, si tuliitoa kwenu, ikaletwa huku 2013, na mambo ni yale yale, chifu akiita baraza unapata wazee na watu wa kutafuta sahihi. Kwa ploti yetu tuliacha kutoa pesa mkononi. Tulifungua laini moja ya M-Pesa, kila tarehe tano mweka hazina anatuma stetimenti kwa grupu, soja analipwa kutoka hapo hapo. Vita viliisha, sasa tunapigania parking peke yake.

Mkazi wa Bondeni:
Wakuu mrejesho, samahani nimechelewa. Barua tulipeleka na saini kumi na nne, mtendaji dada mdogo tu mgeni, kagonga mhuri akasema "hata mimi hilo daftari silijui". Mkutano ukaitwa jumamosi saa kumi jioni, watu walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye tofali za jirani.

Daftari likasomwa. Kaya zilizoandikwa 212, waliolipa mwezi ule 78, kwaio ni laki moja na elfu hamsini na sita. Walinzi tulioaminishwa ni sita wako wawili, kila mmoja elfu sabini, iliyobaki betri za tochi. Nilikuja nimejiandaa kumkamata mtu mwizi, nikakosa pa kushika. Alaf yule jirani yangu aliyevunjiwa, mbele ya jina lake kuna mapengo miezi saba! Katazama chini, mkewe kamtazama yeye. Mwenyekiti alifurahi jamani, mpaka kanitaja jina. Ila nae alipoulizwa muhtasari uliopitisha elfu mbili haukuonekana, ikabidi tupige kura upya pale pale, ikapita, na kuanzia mwezi ujao hela inalipwa kwa simu. Balbu za Mama Pacha zimepita bila kura.

Mtaro umeandikwa kwa jina la njia na urefu hatua 340, nimepima mwenyewe jioni huku mtoto wa jirani anahesabu kwa sauti. Dada mtendaji anasema anaupeleka kata.

Kwenye grupu bado hawajanirudisha.